Yaani na Wenzake: Mwelekeo wa Ufafanuzi katika Uhakiki wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika kila taaluma yako maneno madogo ambayo hayahesabiwi miongoni mwa istilahi zake, na hata hivyo taaluma hiyo haiwezi kusema lolote bila ya kuyatumia. Miongoni mwa maneno hayo ni yale yanayotangulia ufafanuzi. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kulieleza jambo alilokwisha kulitaja husema "that is". Akitaka kuyataja kwa majina mambo aliyoyahesabu husema "namely". Akitaka kulirudia jambo kwa njia nyepesi zaidi husema "in other words". Mwandishi wa Kiswahili naye ana yaani, maana yake, ndiyo kusema, nayo ni, hasa, hususan, mathalani, kama vile na kwa maneno mengine. Wanafunzi hufundishwa maneno haya katika somo la insha kama viungo vya sentensi, kisha maneno yenyewe husahauliwa. Wahakiki nao huyatumia katika kila ukurasa pasipo kuyatazama.

Makala haya yanakusudia kuyatazama. Hoja yake kuu ni kwamba neno la ufafanuzi lina mwelekeo: hutoka kwenye neno linalodhaniwa kuwa gumu, likaenda kwenye neno linalodhaniwa kueleweka. Kwa hiyo anayeuchunguza mwelekeo huo katika maandishi ya taaluma fulani hugundua mambo mawili, nayo ni mahali ambapo taaluma hiyo inaamini kwamba maana hukaa, na msomaji ambaye taaluma hiyo inamwandikia. Itaonyeshwa kwamba katika mapokeo ya zamani ya Kiswahili, na hata katika historia ya Kiingereza chenyewe, ufafanuzi ulitoka kwenye neno geni ukaja kwenye neno la nyumbani. Katika sehemu kubwa ya uhakiki wa Kiswahili ulioandikwa vyuoni tangu miaka ya 1980, mwelekeo huo umegeuzwa. Neno la Kiswahili hutajwa kwanza kana kwamba ni fumbo, na la Kiingereza huletwa kulifumbua. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini athari zake kwa mwanafunzi, kwa istilahi na kwa usomaji wa kazi za fasihi zenyewe ni kubwa.

2.0 Kazi nne za jamaa moja

Kabla ya kuuliza habari za mwelekeo, yafaa kuzitenganisha kazi ambazo maneno haya hufanya, kwa sababu mara nyingi huchanganywa.

Kazi ya kwanza ni kulinganisha, na neno lake kuu ni yaani. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako ni kitenzi chenye kusema kwamba kitu fulani kinamaanisha kitu fulani. Shina lake ndilo lililozaa pia neno maana. Kwa hiyo asemaye yaani na asemaye maana yake wote wawili wamechota katika kisima kimoja. Atumiaye yaani huweka ahadi: kilicho upande huu wa neno na kilicho upande ule ni kitu kile kile. Ikisemwa "tarbia, yaani shairi lenye mishororo minne katika kila ubeti", msomaji ana haki ya kubadilisha upande mmoja kwa mwingine popote atakapo.

Kazi ya pili ni kutaja idadi kamili ya vitu vilivyotangulizwa kwa hesabu. Kwa kazi hii Kiingereza hutumia neno lisilobadilika, ilhali Kiswahili hutumia upatanisho wa ngeli: "vina viwili, navyo ni cha kati na cha mwisho", "pande mbili, nazo ni ukwapi na utao". Kiungo hicho kimebeba ngeli ya nomino iliyotangulia, na kwa njia hiyo humrudisha msomaji kwenye kile hasa kinachobainishwa. Kitenzi kishirikishi ndi- hufanya kazi iliyo jirani na hii kinaposema "huyu ndiye" au "hapo ndipo". Lugha hii, basi, haikungoja kuazima ili iweze kubainisha. Ubainishaji umo ndani ya sarufi yake.

Kazi ya tatu ni kutoa mfano. Hapa hutumika mathalani, kwa mfano na kama vile. Mathalani ni ndugu wa methali kwa asili, na udugu huo una mafunzo. Mfano, kama methali, ni jambo moja linalosimama kwa niaba ya mengi ambayo hayakutajwa. Baada ya kama vile mlango huachwa wazi.

Kazi ya nne ni kubana, yaani kutoka kwenye kundi pana na kuelekeza macho kwenye sehemu yake moja. Maneno yake ni hasa na hususan, ambalo ni ndugu wa mahsusi.

Kosa la kawaida katika insha za uhakiki ni kuitumia ya kwanza mahali pa ya tatu. Mwandishi husema "fasihi simulizi, yaani ngano, nyimbo na vitendawili", naye alikusudia kutoa mifano tu. Kwa neno hilo moja amezifungia nje methali, maigizo na mawaidha. Vivyo hivyo, mwenye kuandika kwamba "dhamira za riwaya hii, yaani mapenzi na ukoloni, zimejitokeza wazi" amekwisha kuamua, labda bila ya kujua, kwamba riwaya hiyo haina dhamira ya tatu. Msomaji wake hatajua kama uamuzi huo umetokana na usomaji au na uzembe wa kiunganishi.

Iko pia yaani ya mazungumzo, ambayo wahakiki wamezoea kuiona kama kijazio tu. Mtu amwambiapo mwenziwe, "Yaani umeuza ng'ombe bila ya kunishauri?" hafafanui lolote. Anamtaka mwenziwe afafanue, na huku anamwonyesha kwamba maana ya tendo hilo imekwisha kufahamika na inauma. Katika maandishi, mzigo wa yaani humwangukia msemaji. Katika ugomvi humwangukia msikilizaji. Mhakiki wa tamthilia anayesoma mazungumzo ya mume na mke bila ya kuitenganisha yaani moja na nyingine atakosa kujua ni nani katika onyesho hilo anayedaiwa maelezo.

Lisemweje basi kuhusu kwa maneno mengine? Muundo wake ni nakala ya ule wa Kiingereza, na hilo si siri. Hata hivyo, limekwisha kulowea, na halimtatizi msomaji yeyote. Ikiwa yaani ilikuja kwa majahazi, hakuna sababu ya kulikataa lililokuja kwa shule. Asili ya neno la ufafanuzi siyo inayohojiwa hapa. Kinachohojiwa ni upande ambao neno hilo limeelekezwa.

3.0 Kutoka ugenini kuja nyumbani

Katika vyuo vya Kurani na katika darasa za misikitini pwani ya Afrika ya Mashariki, kufundisha kitabu kulikuwa, na kungali, ni kusoma ibara ya Kiarabu kisha kuieleza kwa Kiswahili. Neno yaani hukaa penye mshono wa lugha hizo mbili. Upande wake wa kwanza yako maneno ya kitabu yenye heshima na ugeni wake. Upande wa pili yako maneno ambayo mwanafunzi alizaliwa nayo. Heshima ya Kiarabu haikupungua kwa kufafanuliwa, na Kiswahili nacho kilipewa cheo kikubwa, cheo cha lugha ambamo jambo hufahamika. Neno lililotumika kwa maelezo ya namna hii ni sherehe, ambalo bado linatumika katika vitabu vya mashairi kwa orodha ya maneno magumu na maana zake. Kwamba neno hilo hilo ndilo lenye kutaja pia furaha ya arusi, ni jambo ambalo msomaji anaweza kulitafakari kwa nafasi yake.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa mwelekeo huu umo katika anwani ya kitabu. Mwaka 1935 lilichapishwa mjini London kamusi la Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili. Liliitwa Kamusi ya Kiswahili yaani Kitabu cha Maneno ya Kiswahili. Anwani hiyo yafaa kusomwa polepole. Kamusi ni neno la asili ya Kiarabu, na mtungaji hakuwa na hakika kwamba kila msomaji atalijua. Basi akaweka yaani, na upande wa pili akaweka maneno ambayo mtoto yeyote angeyaelewa: kitabu cha maneno. Mtungaji huyo alikuwa Mwingereza, na kitabu chake kilitolewa na wachapishaji wa Kiingereza, lakini ufafanuzi wake haukukimbilia Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, yaani ilikuwa imekwisha kuondoka katika anwani. Haikuhitajika tena. Katika miaka 46 neno geni lilikuwa limepata makazi.

Kiingereza chenyewe kilipita njia iyo hiyo. Mapema katika karne ya 13 uliandikwa kwa Kiingereza mwongozo wa wanawake waliojitenga na dunia kwa ajili ya ibada, unaojulikana kama Ancrene Wisse. Wakati huo Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa katika Uingereza, na maneno yake yalikuwa yakiingia katika maandishi ya Kiingereza kwa wingi. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu ukuaji wa Kiingereza jinsi mwongozo huo unavyolitaja neno la Kifaransa kisha ukalifuatisha, kwa kiungo cha ufafanuzi, na neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Wasomaji wale walikuwa wakijifunza maneno ya wakubwa kwa kuyapitisha katika lugha ya mama zao. Leo mengi ya maneno hayo ya Kifaransa ni Kiingereza kitupu, na hakuna ayafafanuaye.

Hata vifupisho ambavyo wasomi wa Kiingereza hutumia kwa ufafanuzi ni vya Kilatini: "i.e." ni id est, "e.g." ni exempli gratia, na "viz." ni videlicet. Kiingereza, lugha ambayo leo inaombwa ithibitishe maana za wengine, nacho kimebeba katika mfuko wake wa ufafanuzi vifaa vya kuazima. Lakini chombo tu ndicho kilichoazimwa. Kinachokuja baada ya chombo hicho ni Kiingereza.

Eldoret nayo ina mfano wake. Posta iliyofunguliwa mahali hapo mwaka 1910 ilikuwa katika shamba nambari 64 la ramani ya walowezi, na hesabu hiyo ya Kiingereza ikawa jina la mji hata kabla ya jina Eldoret kutolewa mwaka 1912. Wenyeji waliipokea hesabu hiyo kwa ndimi zao wakaiita Sisibo. Hakuna mwenyeji amwambiaye mwenziwe, "Ninakwenda Sisibo, yaani Eldoret." Neno limelowea pale ambapo haliongozani tena na yaani. Ndicho kipimo ambacho taaluma yenye kutunga istilahi ingekitumia kujipimia maendeleo yake.

4.0 Mabano ya mhakiki

Uhakiki wa Kiswahili uliingia vyuoni kwa haraka. Katika Tanzania vitabu kama Fasihi cha F.E.M.K. Senkoro, cha mwaka 1982, vilikuwa vimekwisha kuonyesha kwamba nadharia yaweza kusemwa kwa Kiswahili. Katika Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na mwaka uliofuata mfumo wa 8-4-4 ukakifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Ghafla walihitajika walimu, vitabu na istilahi. Wahadhiri wengi walikuwa wamesoma nadharia ya fasihi kwa Kiingereza, na walipoandika kwa Kiswahili walitunga neno, kisha wakaliwekea neno la Kiingereza katika mabano ili wenzao wajue kinachosemwa. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la busara. Mjenzi huweka jukwaa la miti ili aufikie ukuta.

Shida ni kwamba jukwaa halikuondolewa. Istilahi kama uhalisia, taharuki na ujumi zimetumika kwa miongo kadhaa, zimefundishwa na kutahiniwa, na bado huandikwa zikiongozana na mabano yao kama mtoto asiyeachwa kwenda sokoni peke yake. Mabano ni yaani isiyotamkwa. Yanasema: neno hili la kwanza ni dhana tu, ukitaka uhakika, uhakika ni huu hapa. Msomaji aliyezoezwa hivyo kwa miaka minne ya shahada hujifunza kuliruka la Kiswahili na kusoma lililomo katika mabano. Akiwa mwalimu, hufundisha alivyosoma.

Iko hoja ya kuyatetea mabano, nayo isipuuzwe. Istilahi za uhakiki hazijalingana baina ya nchi na nchi, wala baina ya chuo na chuo. Usimulizi unaorudi kwenye tukio la nyuma huitwa na wengine mbinu rejeshi, na wengine huuita kisengerenyuma. Wako wasemao sitiari na wako wasemao istiara. Ishara, alama na taashira hupishana kutoka kitabu hadi kitabu. Katika hali hiyo, husemwa, neno la Kiingereza ni sarafu ya pamoja: wa Dar es Salaam na wa Eldoret hukutana hapo.

Hoja hii ina uzito, lakini inathibitisha kidogo kuliko inavyodai. Kwanza, kwa shida ya majina mawili ya kitu kimoja, dawa iliyo karibu ni kuyataja yote mawili: "mbinu rejeshi, ambayo wengine huiita kisengerenyuma". Kwa njia hiyo msomaji hupata maneno mawili ya Kiswahili badala ya moja, na majina hayo hupimana nguvu mbele ya macho yake mpaka moja lishinde. Kiingereza kikifanywa mwamuzi, mashindano hayo hayafanyiki, na kutolingana huendelea kwa sababu hakumuumizi mtu.

Pili, jina si maelezo. Mwanafunzi asiyejua kisengerenyuma ni nini hatajua kwa kuonyeshwa jina lake la Kiingereza, isipokuwa kama alikwisha kuijua dhana hiyo kwingineko. Atakachojua ni kwamba kipo kitabu kingine anachopaswa kwenda kukisoma. Lau angeandikiwa kwamba kisengerenyuma ni pale ambapo msimulizi anauacha wakati wa hadithi na kurudi kwenye tukio lililotangulia, ili liangaze lililopo, angekuwa amefafanuliwa. Wanafunzi wa Eldoret wengi hukijia Kiswahili kutoka katika Kikalenjin, Kiluhya, Kikuyu na lugha nyingine. Husemwa kwamba Kiingereza huwasaidia kwa kuwa walisomeshwa kwacho. Lakini msaada wanaouhitaji ni maelezo, na maelezo hukaa katika sentensi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, neno la mabano huja na mipaka yake. Mhakiki akiandika kijembe kisha akaweka katika mabano neno la Kiingereza la kejeli, amekata sehemu ya maana na kuitupa. Kijembe kwa asili ni kisu kidogo. Katika mazungumzo ya pwani, katika taarabu na katika majina ya kanga, kijembe hurushwa mbele ya watu wengi kikamchoma mmoja tu, naye hujua kwamba amechomwa. Ndani yake mna mrushaji, mlengwa na hadhira isiyojua au inayojifanya haijui. Kinaya, kejeli na stihizai kila moja lina mahusiano yake mengine. Maneno haya manne yakipitishwa katika neno moja au mawili ya Kiingereza hutoka yakiwa yamefanana, na mhakiki aliyekuwa na visu vinne hubaki na kimoja. Hapo ufafanuzi umeifanya lugha iliyo pana kuwa nyembamba.

Ni ajabu kwamba hali hii imedumu miongoni mwa wasomi waliosoma kwa makini lawama za Ngũgĩ wa Thiong'o katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986. Wahakiki wamewahi kuwatazama kwa jicho kali waandishi wa riwaya za Kiingereza barani Afrika wanaosimamisha hadithi ili kumweleza mgeni neno la kienyeji. Mwandishi wa riwaya hizo angalau huyafafanua kwa lugha anayoiandikia, na msomaji wake ni wa lugha hiyo. Mhakiki wa Kiswahili afafanuaye kwa Kiingereza anamwandikia nani? Msomaji wake ameshika kitabu cha Kiswahili na amekwisha kuonyesha kwa tendo hilo anataka kuelezwa kwa lugha gani.

5.0 Fumbo na jibu lake

Ikiulizwa kama Kiswahili kina uwezo wa kujifafanulia mambo mazito bila ya msaada wa nje, jibu limo katika ushairi wake. Kitenzi fumba huzaa fumbo; na kwa kiambishi cha kutengua, huzaa fumbua. Kufafanua kwa mujibu wa maneno haya ni kukifungua kilichofungwa kwa mkono ule ule. Katika mapokeo ya malumbano, mshairi hutunga fumbo akalipeleka kwa wenziwe, nao hujibu kwa beti, mara nyingi kwa bahari na vina vile vile. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kutoka mwaka 1776 hadi 1840, alijibizana na washairi wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi, wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili. Katika tungo hizo maana ya shairi moja ilitolewa na shairi lililolijibu. Aliyeshindwa kulifumbua fumbo aliaibika hadharani, na aliyelifumbua vibaya alirekebishwa hadharani.

Mapokeo hayo yanamfundisha mhakiki jambo la pili: kwamba fumbo huwa na heshima yake kabla ya kufumbuliwa. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, zinamweka msomaji mbele ya safari na mazungumzo yasiyokubali kufupishwa. Mhakiki anayemtaja mhusika kisha mara moja akasema "yaani" na kutaja dhana moja tu, amelifunga upya lile ambalo mwandishi aliliacha wazi. Katika kazi za namna hii, kama vile lina faida kuliko yaani, na mara nyingine kunyamaza kwa aya moja kuna faida kuliko yote mawili.

6.0 Kinjeketile na hatari ya yaani fupi

Kazi ya Kiswahili iliyolionyesha jambo hili kwa uchungu zaidi ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969. Tamthilia hiyo inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Kijerumani katika kusini ya Tanganyika. Imezoeleka kuisoma kama tamthilia ya umoja na imani. Yafaa isomwe pia kama tamthilia ya ufafanuzi.

Kinjeketile anapopagawa husema maneno ambayo si yake. Watu huyapokea na kuyafafanua papo hapo: maji, yaani kinga ya risasi, umoja, yaani vita. Ufafanuzi wao ni mfupi kwa sababu haja yao ni kubwa. Lakini miongoni mwa maneno yaliyotoka katika kinywa cha Kinjeketile mna lile lenye kuwaita watu hao watoto wa Seyyid Said. Wasikilizaji hawalitilii maanani. Kinjeketile, akili zikiwa zimemrudia, ndiye anayeliuliza neno hilo maana yake, na jibu analolipata linamtisha: kuwa watoto wa Seyyid Said ni kutoka katika mkono wa bwana mmoja na kuingia katika mkono wa mwingine. Tangu hapo anataka kungoja, na watu hawataki kungoja. Wao wamekwisha kufafanua.

Msiba wa tamthilia hiyo unakaa baina ya yaani mbili. Ya umma ni ya haraka, na inaelekea nje, kwenye nguvu itakayokuja kutoka pengine. Ya Kinjeketile ni ya polepole, na inalirudia neno lenyewe ili kulipima. Hussein hakumpa ushindi yeyote kati yao. Bila ya ufafanuzi wa haraka, watu wa makabila mbalimbali wasingeungana. Kwa ufafanuzi huo huo, wengi walikwenda mbele ya bunduki. Mwandishi alipoitafsiri tamthilia yake mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 1970, alilipeleka suala hilo kwa wasomaji wengine likiwa bado ni suala.

Miongozo mingi ya wanafunzi humalizia kazi hii kwa sentensi moja inayoanza na neno la ufafanuzi na kuishia na dhamira. Mwongozo wa namna hiyo umefanya kile kile walichokifanya watu wa tamthilia. Umelipokea neno, ukaliambatanisha na maana iliyohitajika kwa wakati huo, ambayo ni maana ya mtihani, na ukaondoka.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba Kiingereza kifukuzwe katika uhakiki wa Kiswahili. Dhana nyingi zimetoka huko, na ni haki kusema zilikotoka. Linalopendekezwa ni kuugeuza mwelekeo. Istilahi ya kigeni ikilazimika kutajwa, itajwe kwanza, kisha yaani ilete maelezo ya Kiswahili, kama ilivyofanyika katika darasa za pwani na katika anwani ya Johnson. Istilahi ya Kiswahili itajwapo mara ya kwanza, ifuatwe na sentensi inayoieleza. Na majina yanayoshindana yatajwe pamoja. Penye haja ya orodha, iwekwe sherehe mwishoni, nayo ieleze kwa Kiswahili. Kamusi ya Fasihi ya K.W. Wamitila, iliyotolewa mwaka 2003, ilikwisha kuonyesha kwamba istilahi na nadharia za fasihi zinaweza kupewa maelezo marefu katika lugha hii, na msomaji akatosheka.

Pendekezo hili lina gharama. Kuandika sentensi ya maelezo ni kazi kuliko kufungua mabano. Mwandishi atagundua mara kwa mara kwamba neno alilokuwa akilitumia kwa miaka hajawahi kuliwazia sawasawa, kwa kuwa mabano yalikuwa yakimfanyia kazi hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini hakuna katiba iwezayo kuipa lugha uwezo wa kujieleza. Uwezo huo hupatikana sentensi kwa sentensi, katika kile ambacho mwandishi anakiandika baada ya yaani.